Unamchosha Marehemu

Katika barua yangu ya kustaafu wameandika kwamba nilitumikia "kwa bidii na bila doa". Aliyeandika hivyo hajawahi kuliona koti langu. Plasta haitoki kwenye kitambaa, na mafuta ya kukandia hayatoki kwenye kitu chochote. Hata hivyo nashukuru. Na kwa kuwa nyinyi mliobaki kwenye idara mmenisumbua niandike kitu, nitaandika. Vyeo sitavitaja, maana vilichelewa kuja, na vilipokuja havikunisaidia kumwinua mgonjwa hata mmoja kitandani. Nitaandika juu ya watu wenye kansa, na jinsi tulivyowatembeza wakati ambapo kuwatembeza kulionekana ukatili.

Mimi ni Mkuria wa Ntimaru. Mwanzoni mwa miaka ya tisini nilipangiwa hospitali moja upande wa Homa Bay, karibu na ziwa. Jina lake naliacha, kwa sababu baadhi ya watu wa wakati ule bado wako hai na wanajua kusoma. Nilifika Jumatatu asubuhi na barua yangu mkononi. Msimamizi wa hospitali aliisoma mara mbili.

"Fisio... fisio nini?"

"Fisiotherapia, daktari."

"Ni ile ya masaji?"

"Masaji ni sehemu ndogo tu. Tunamsaidia mgonjwa atumie mwili wake tena. Kutembea, kunyoosha viungo, kupumua vizuri..."

"Wagonjwa wangu wanapumua," akasema, akagonga muhuri.

Chumba cha fisiotherapia kilikuwepo kwenye ramani ya hospitali. Kwenye hospitali yenyewe kilikuwa stoo ya viti vya magurudumu visivyo na magurudumu. Kulikuwa pia na baiskeli ya mazoezi, ile isiyoenda popote, zawadi ya wageni kutoka ng'ambo. Hiyo ilikaa ofisini kwa msimamizi ikiwa bado na nailoni yake, naye alikuwa akiitundikia koti. Nilipoiomba aliniambia kwamba wagonjwa wataiharibu. Basi vifaa vyangu vya kwanza vilikuwa kamba ya katani, mikebe miwili ya mafuta ya kupikia niliyoijaza mchanga, na ukuta. Msiudharau ukuta. Haupotei, hauazimwi, na hakuna anayeufungia ofisini.

Wodi ya wanawake ilikuwa ya Sista Dorka, mama mwadilifu aliyekaza shuka hivi kwamba mgonjwa akitaka kukunja goti alihitaji kibali. Aliamini kwamba wodi nzuri ni wodi iliyonyamaza. Wageni wa serikali walipotarajiwa, alipita kitanda hadi kitanda akihakikisha kila mtu amelala chali. Mgonjwa aliyesimama alimharibia mstari.

Na kwa wenye kansa mambo yalikuwa mabaya zaidi. Dawa zao ziliisha, damu iliisha, hata pamba iliisha. Dawa pekee ambayo haikuwahi kuisha iliitwa Pumzika. Iliandikwa kwenye kila faili. Hakuna aliyeandika ipumzikwe mara ngapi kwa siku, wala kwa muda gani. Mtu alikuja na uvimbe, akapasuliwa, akaambiwa apumzike. Baada ya miezi miwili miguu yake ilikuwa imekonda kama ya korongo, akipanda ngazi tatu anahema, na wote tukatikisa vichwa tukisema ugonjwa umemzidi. Wakati mwingine ni ugonjwa. Lakini mara nyingi kilichomzidi kilikuwa kitanda.

Aliyenifundisha kazi, mbali na vyuo, ni Bwana Ogwang' wa chumba cha plasta. Alikuwa mtu mfupi, mikono myeupe kwa chokaa mpaka viwiko, na hakuwa na haraka na mtu yeyote. Siku ya tatu alinikuta nikimfokea mgonjwa asiyetaka kunyoosha mkono. Aliningoja nimalize, kisha akaniita pembeni.

"Nyar Kuria," akasema. Ndivyo walivyoniita wote, binti wa Wakuria, na mpaka leo kuna watu kule wasiojua kwamba nina jina. "Wewe unamwambia fanya mazoezi. Mazoezi ni kitu cha polisi. Hebu muulize kuna kitu gani alikuwa anafanya na sasa kimemshinda."

Nilimwelewa nusu. Nusu nyingine nilifundishwa na mchimba dhahabu wa Macalder.

Mtu huyu alikuwa na kansa ya tezi, ile ya wanaume wazee. Alilalamika kwamba paja linamuuma, hata akiwa amelala. Mimi nilikuwa nimetoka chuoni juzi, nimejaa moto, nimeazimia kuiangusha dawa iitwayo Pumzika peke yangu. Nikamwambia maumivu ni misuli iliyolala. Nikampandisha ngazi za veranda. Kwenye ngazi ya pili tulisikia sauti kama kuni kavu inavunjwa, na mzee akakaa chini taratibu sana, akinishika bega.

"Daktari," aliniambia bila hasira, "si nilikuambia?"

Ugonjwa ulikuwa umeshaula mfupa kutoka ndani. Bwana Ogwang' alimfunga mguu na kunilazimisha niushike muda wote, na wala hakunisema mbele ya watu. Baadaye alinawa mikono na kuniambia, "Mfupa unaouma mtu akiwa amelala, huo unaulizwa. Hauamrishwi." Yule mzee hakutembea tena. Nilimhudumia kitandani mpaka mwisho, nikimgeuza na kumfundisha kupumua kwa tumbo, naye alinisamehe mapema kuliko nilivyojisamehe. Tangu siku ile sikumwinua mgonjwa wa kansa kabla ya kumuuliza kama mifupa inamuuma usiku, kumpima homa, kuangalia weupe wa kope na kusikiliza pumzi. Kazi hii inahitaji moyo, ndiyo, lakini inaanza na maswali.

Miezi kadhaa baadaye akaja Mama Felgona.

Alikuwa mjane wa makamo, muuza omena, wale dagaa wa ziwani. Aliwanunua wakitoka ziwani, akawaanika kwenye nyavu, akawageuza kwa reki, akawabeba kwa karai kichwani mpaka sokoni. Alipasuliwa titi la kushoto. Siku ya pili baada ya upasuaji nilimkuta kwa Sista Dorka, shuka imekazwa, mkono ameubana kifuani kama anaficha kitu.

"Mama, ni kazi gani utaikosa zaidi?" nikamuuliza.

Akanitazama kama niliyemuuliza umri. "Karai," akasema. "Kuinua karai mwenyewe, bila kuita mtu."

Tukaanza na vidole: kufumba, kufumbua. Kisha kiwiko. Nyuzi zilipotolewa tukaenda ukutani, vidole vikipanda kama mdudu, kila siku juu kidogo, nami nachora alama kwa mkaa. Sista Dorka alilalamika juu ya ukuta wake. Mama Felgona alimwambia, "Sista, nikifika pale kwa dirisha nitakupangusia mwenyewe." Na alifika.

Kisha akapelekwa Nairobi kuchomwa kwa mashine ya mionzi, maana huku kwetu mashine hiyo haikuwepo. Alikaa huko wiki nyingi. Nilimpa tarehe ya kuja kliniki akirudi. Tarehe ikapita, na nyingine ikapita. Nikasikia kwa mama mmoja wa soko kwamba amerudi, na kwamba "anangojwa".

"Anangojwa na nani?" nikauliza.

"Na kamati," akasema.

Gari la chanjo lilikuwa linaelekea upande ule, nikalipanda. Boma lilikuwa limefagiwa, miti imefyekwa, kuta za nyumba zimesiribwa upya kwa udongo. Kwenye veranda walikaa watu saba kuzunguka meza. Mwenyekiti alikuwa shemeji yake, Jaduong' Elkana, yaani Mzee Elkana, naibu chifu mstaafu aliyekuwa bado anavaa kofia ya kazi, ile ambayo serikali ilisahau kuichukua. Katibu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi mwenye daftari kubwa. Jina la kamati, kwa daftari, lilikuwa Kamati ya Hali ya Mama. Ajenda ilikuwa hema, vipaza sauti, kwaya, fahali, na nani atasoma historia yake. Mpiga picha alikuwa ameshakuja wiki iliyotangulia, akampiga Mama Felgona picha moja nzuri ya kumbukumbu. Walikuwa wamemsaidia kukaa, kisha wakamlaza tena haraka asije akachoka.

Nikaomba kumwona. Alikuwa amelala kwenye chumba chenye dirisha lililozibwa kwa blanketi. Mkwe wake Awino, mke wa mwanawe mkubwa, alikuwa anamlisha uji kwa kijiko. Mkono wa kushoto ulikuwa umevimba kutoka kiwiko hadi vidole, ngozi inang'aa, na bega limegandia kifuani tena, kazi yetu yote ya ukutani imepotea.

"Hawaniruhusu hata choo," akaninong'oneza Mama Felgona, Awino alipotoka kumwaga maji. "Wananiletea beseni. Nyar Kuria, mimi nimezaa watoto sita. Beseni?" Akafunga macho. "Labda ni kweli nakufa. Sina nguvu hata ya kugeuka."

Nikamuuliza maswali yangu yote. Mifupa haikumuuma usiku. Hakuwa na homa. Kope zilikuwa nyekundu vya kutosha. Pumzi ilikuwa safi. Alikuwa amechoka, ndiyo, lakini uchovu ule si kama wa jembe. Wa jembe ukilala unaisha. Huu ukilala unazaa mwingine. Mashine ya Nairobi ilikuwa imemwanzishia, na boma lake lilikuwa limemmalizia.

"Mama, unataka nini kwanza? Karai?"

"Karai baadaye. Nataka kwenda choo kwa miguu yangu."

Tulimkalisha kwanza, mimi upande huu na Awino upande ule. Kizunguzungu kikaja, tukangoja kikapita. Akasimama. Akashika nguzo ya mlango. Hatua nne, akarudi, akakaa, anatoka jasho. Akataka tena. Mara ya pili tulifika mlangoni, na mwanga ukampiga usoni, na kamati yote ikamwona.

Viti vilisogea. Jaduong' Elkana alisimama.

"Daktari! Daktari, hapana! Unamchosha marehemu!"

Mwalimu, ambaye aliandika kila kitu, alikuwa tayari ameandika nusu ya sentensi, kalamu ikabaki hewani.

"Marehemu gani?" akauliza Mama Felgona.

Jaduong' alivua kofia, akaitazama ndani kama jibu lingekuwa humo. Nilimhurumia. Hakuwa mtu mbaya. Alimzika kaka yake bila maandalizi, mvua ikanyeshea wageni, na watu walimsema miaka mingi. Alikuwa ameapa kwamba mke wa kaka yake hatazikwa hivyo. Kwa kumpenda, alikuwa amemwahi.

Lakini kamati ni kamati. Walikaa siku ile ile, na kabla sijapanda gari katibu alinisomea azimio: mama anaruhusiwa kutembea Jumanne na Alhamisi, asivuke ua wa ojuok, ile miti ya maziwa inayozunguka boma, na akitaka kuvuka aombe ruhusa kwa mwenyekiti. Nilikubali kwa heshima. Kisha nilimwachia Awino maagizo ya kweli. Kila siku, asubuhi kabla ya jua kali na jioni. Wiki hii kitandani hadi chooni. Wiki ijayo hadi ghala. Kisha hadi ojuok. Mwendo uwe ule ambao anaweza kuongea lakini hawezi kuimba. Akiweza kuimba, aongeze. Akishindwa kuongea, apunguze. Mkono uinuliwe kwenye mto, ufungwe bendeji kutoka vidoleni kwenda juu, na kamba irushwe kwenye boriti ili mkono mzima uuvute ule mgonjwa. Siku ya homa, apumzike. Siku ya kuhisi tu uvivu, atembee nusu ya njia.

"Na wazee wakiuliza?" Awino akasema.

"Waambie anaenda choo."

Nyinyi mtanilaumu kwa uongo. Lakini haukuwa uongo. Ni kwamba choo kilikuwa kinasogea mbali kila wiki.

Nilirudi na gari la chanjo la mwezi uliofuata. Nilipofika, kamati ilikuwa imekaa, na mbele yao, kwenye kiti chake mwenyewe, alikaa Mama Felgona. Alikuwa ametembea kutoka ndani bila mtu na kuomba kusomewa kumbukumbu za mikutano yote. Mwalimu alisoma, masikio yamemwiva.

"Fahali mwekundu," akasoma, "atatolewa na boma."

"Huyo si wa boma. Huyo wa jirani, anakuja kula nyasi tu. Andika hivyo."

Mwalimu akaandika.

"Historia: mama aliolewa kwa arusi takatifu kanisani..."

"Aa-ah! Sisi tulitoroka. Alinichukua kwa baiskeli usiku mmoja, na tairi ikapasuka njiani. Andika tairi pia. Hiyo ndiyo historia."

Watu walianza kucheka, kwanza akina mama nje, kisha mjumbe aliyepewa kazi ya hema. Jaduong' Elkana peke yake hakucheka.

"Shemeji," Mama Felgona akamwambia, akilainisha sauti, "nimeona mlivyonipenda. Ero kamano, asanteni. Sasa vunjeni kamati."

Jaduong' alivuta daftari la katibu, akalipitia. Alikuwa mtu wa utaratibu. "Shemeji yangu," akasema mwishowe, "kamati haiwezi kuvunjwa na ajenda."

Kweli haikuvunjwa. Iliendelea kukutana miezi mingine mingi, ikinywa chai ya ajenda yake, na ajenda ndiyo iliyokuwa ikimimina chai, kwa mkono wa kushoto. Wakati huo vidole vyake vilikuwa vimefika juu ya fremu ya mlango. Usingizi ulimrudia, na hamu ya kula. Mkono haukurudi kama zamani kabisa, nisiwadanganye. Ulivimba siku za joto, na karai lililojaa sikumruhusu. Alibeba nusu karai, akaenda mara mbili. Sokoni alimwambia kila mtu kwamba nyar Kuria amemtibu kansa, nami nilikwenda kwa kila mtu nikimkanusha. Sikumtibu kansa. Kisu na mashine vilifanya sehemu yao. Mimi nilimrudishia miguu ambayo sisi wenyewe tulikuwa tumemnyang'anya.

Sista Dorka alikuja siku moja, akamkuta Mama Felgona na reki mkononi. Alitazama, akaenda zake. Lakini wiki iliyofuata nilikuta shuka za wodi yake zimelegezwa upande wa miguuni, na wanawake wawili wa kansa wanatembea kwenye veranda wakishikana viuno. "Wanaharibu mstari," akaniambia. "Lakini usiku hawaniiti sana." Kwa Sista Dorka hiyo ilikuwa hotuba ndefu.

Baadaye nilihamishiwa Migori, mwendo mrefu kutoka ziwani, na huko nikaanza upya na ukuta mwingine. Ndipo Awino aliponitumia ujumbe kwamba mama anaumwa mgongo. Nilijua kabla ya kufika. Nilimuuliza swali la kwanza, naye akajibu, "Ndiyo, usiku. Hata nikilala." Tulimpiga picha ya eksirei. Ugonjwa ulikuwa umerudi, umekaa kwenye uti wa mgongo.

Nilimwambia ukweli wote. Hakuna karai tena, hata nusu. Hakuna kuinama, hakuna reki. Kutembea ni ndani ya nyumba tu, taratibu, na kushikwa. Dawa za maumivu zipewe kabla ya kusogea, si baada.

Mara ya mwisho nilimkuta amekonda sana. Jaduong' Elkana alikuwa amekaa kando ya kitanda, bila kofia, akimpungia nzi. Alinifuata nje.

"Sasa je," akaniuliza kwa sauti ndogo, "sasa tumwache apumzike?"

"Tumuulize mwenyewe, jaduong'."

Tukamuuliza. Alikuwa amefumba macho.

"Nipelekeni mlangoni," akasema.

Tulingoja dawa ya maumivu imshike. Kisha Awino akamshika upande huu, mimi upande ule, na Jaduong' akatangulia akisogeza stuli na vyombo njiani kwa mguu. Ni hatua nane kutoka kitanda kile hadi mlango ule. Zilichukua muda ambao sikuupima. Alisimama pale, mkono wa kushoto juu ya fremu, akitazama nyavu uani, ambako wasichana wa jirani walikuwa wameanika omena wake.

"Wewe Awino," akasema, "mbona hawa hawajageuzwa? Si wanaungua?"

Wasichana wakakimbilia reki. Yeye aliwatazama mpaka wakamaliza upande wote, akawaonyesha kona waliyoiruka, kisha akatikisa kichwa kwamba turudi. Alifariki siku ya nne yake.

Fomu ya mwisho wa mwezi ya idara yetu ilikuwa na nafasi tatu tu za kujaza kuhusu mgonjwa: amepona, amehamishwa, amefariki. Nilitia alama kwenye ya tatu. Kisha pembeni, mahali pasipochorwa mstari, nikaandika kwa kalamu: "Alitembea hadi mlangoni. Aligombeza watu wa omena." Fomu ikarudishwa kutoka makao makuu na duara jekundu kuzunguka maneno yale, na swali: "Hii ni nini?" Niliituma tena vilevile.